Bingwa wa Bagi na Kiti Kimoja cha Rali

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Oyugis mnanichekesha. Mnafika na simu mkononi, mnanionyesha mtoto anazungusha bagi, kile kigari cha mbio, kwenye vumbi na kuwaacha wenzake mbali, halafu mnauliza swali lile lile: "Dani, huyu atafika?" Mnaniita Dani, yaani nyanya, na nyanya hatarajiwi kusema hajui. Basi leo kaeni. Viazi vitamu viko jikoni, havitachukua muda. Nitawaambia habari za Chacha na Lavenda, kwa sababu hao wawili ndio walionifundisha namna ya kulijibu swali lenu.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Mimi nilikuwa fundi wa matairi na shokomzoba za magari ya mashindano. Kazi hiyo nilifundishwa Kisumu na Harjit, Singasinga aliyezaliwa pale pale mjini na aliyeongea Dholuo tamu kuliko wapwa zangu waliokulia Nairobi. Nilikwenda kwake kuomba kazi ya kufagia gereji. Siku ya tatu akanikuta nimemwondoa kijana mmoja kwenye jeki kwa sababu alikuwa ameisimamisha kwenye udongo laini, na gari lilikuwa linataka kumlalia. Tangu siku hiyo ufagio akapewa mtu mwingine.

Harjit alikuwa na tabia moja. Gari likirudi kutoka mbioni, watu wote hukimbilia ubao kuona dereva ametumia muda gani. Yeye alikwenda kwenye magurudumu. Alipitisha kiganja juu ya tairi taratibu, kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akainama akanusa breki. Kisha akaniita. "Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "saa inakuambia huyu amefika lini. Tairi inakuambia amefikaje."

Na ni kweli. Dereva anayepigana na gari lake, tairi zake za mbele hung'oka vipande pembeni, na breki hunuka kama nywele zilizoungua. Dereva anayeelewana na gari, tairi huisha sawasawa, na wewe fundi unapumzika. Nikaongeza la kwangu juu ya hilo: sikiliza neno la kwanza dereva anapovua kofia ngumu. Kuna anayesema gari ilinitoroka. Kuna anayesema nilichelewa kukanyaga breki. Huyo wa pili unaweza kufanya naye kazi.

Msidhani tulikuwa malaika. Tulikuwa na mwenzetu, Ojwang', mtu wa haraka kwa kila kitu, hata chai aliimeza ikiwa inachemka. Siku moja katika mashindano ya huku Ndhiwa alifunga nati za gurudumu la nyuma kwa vidole, akaenda kutafuta spana, njiani akakutana na mtu wa kwao, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Gari likaondoka. Hatukulifuata mbali kwa macho kabla ya kuona gurudumu likimpita dereva wake mwenyewe, likaruka mtaro na kuingia katika muhogo wa mama mmoja. Yule mama alilikalia. Alisema halitoki mpaka aliyelifunga aje kuomba msamaha kwa mdomo wake. Ojwang' akaenda, akapiga magoti katikati ya muhogo, watu wakapiga makofi. Tulimaliza wa mwisho, lakini sijawahi kuona mashabiki wenye furaha namna ile.

Haya, tuje kwa watoto.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa na timu ya Bwana Nyakundi, mfanyabiashara wa malori kutoka Kisii aliyependa magari kuliko usingizi. Alikuwa na bagi kadhaa za vijana. Bagi mnaijua: mabomba yaliyounganishwa kama kizimba, injini ya pikipiki nyuma, kiti kimoja na mkanda. Mbio za vijana zilifanyika Jumapili, nje ya mji wa Migori au hapa upande wa Homa Bay, kwenye uwanja wa vumbi uliozungushwa matairi mabovu. Mtoto anazunguka kona zile zile mpaka bendera ishuke.

Chacha alitoka Ukuria, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Mrefu, mpole, alikuwa anajikunja kuingia ndani ya bagi kama mtu anayeingia banda la kuku. Akishaingia, hapakuwa na mbio tena, kulikuwa na Chacha na watu wanaomfuata. Alishinda msimu mmoja, akashinda na uliofuata. Lavenda Akoth alitoka Sindo, binti wa mama anayeuza samaki. Yeye alimaliza wa nne, wa tano, mara moja moja wa tatu. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa, na alikuwa mtu wa kwanza kumsukuma mwenzake aliyekwama hata kama walitoka kugombana.

Wote wawili walipopata leseni za barabarani, Bwana Nyakundi alitangaza kwamba ana gari moja la rali kwa mashindano ya taifa, ya watu wazima, na kiti kimoja cha dereva. Gari la kweli, lenye injini ya kweli, kwenye barabara za kweli. Akaniita pembeni, akaniuliza nani akae. Alikuwa ameshashika karatasi ya msimamo wa alama za msimu. Alisema, si jibu liko hapa, Chacha yuko juu.

Nilimwambia asubiri. Huko nyuma nilikuwa nimemwona kijana mmoja wa Nakuru aliyeshinda kila kitu utotoni. Baadaye tukagundua bagi yake ilikuwa nyepesi kuliko za wengine, na baba yake alimletea matairi mapya kila Jumapili. Alipokalia gari zito la watu wazima alikuwa kama sisi wote. Ushindi wa mtoto una watu wengi ndani yake: kuna baba, kuna fundi, kuna bagi, kuna mwili uliokua mapema kuliko wa wenzake. Ukitaka kumwona mtoto mwenyewe, wabadilishie vyombo. Mpe bingwa bagi mbovu, mpe wa tano bagi ya bingwa, kisha wapeleke mahali ambapo hakuna anayepajua.

Basi tukafanya hivyo. Tuliwapeleka upande wa Macalder, tukaomba ruhusa ya kutumia barabara ya udongo mweusi inayopita karibu na mashimo ya dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukawapa gari moja kuukuu, kila mmoja kwa zamu yake, na wachimbaji wakaacha karai zao wakaja kutazama. Niligusa tairi baada ya kila zamu. Lavenda alirudi na gari lililojaa matope mpaka paani, akacheka, akasema aliogopa kona zote. Chacha alirudi haraka zaidi, tena kwa tofauti kubwa kuliko nilivyodhani, na tairi zilikuwa zimeisha sawasawa kama zimepigwa randa.

Kwa hivyo msije mkasema Dani alisema matokeo ya watoto hayana maana. Yalikuwa na maana. Yule mtoto alikuwa na mbio kweli, na alama zilisema kweli. Nilimwambia Bwana Nyakundi kiti ni cha Chacha, na Lavenda mwenyewe aliyesikia akasema ni haki.

Wiki iliyofuata Chacha alikuja gereji peke yake. Nilikuwa naosha shokomzoba kwenye beseni la dizeli. Akachukua kitambaa akaanza kufuta zile nilizomaliza. Baadaye akaniuliza rali ya watu wazima huendeshwa siku gani. Nikamwambia Ijumaa hadi Jumapili, na Jumamosi ndiyo siku ndefu kuliko zote. Nilikuwa nimeshasema nikamwona uso, ndipo nikakumbuka. Chacha alikuwa Msabato, na kwao ni Wasabato tangu babu.

Mimi ni Mkatoliki, sikutaka kumwingilia katika jambo hilo. Nilimuuliza baba yake amesema nini. Akasema baba amekataa kusema chochote. Amemwambia umeshakuwa mtu mzima, uamue, nami nitakula na wewe meza moja vyovyote utakavyoamua. Naona hilo lilimwia gumu kuliko kama angekatazwa. Nikamuuliza, je, moyo wake unasemaje.

"Mama, nimejiambia ni siku moja tu katika wiki," alisema. "Nimejiambia usiku na mchana. Siamini ninapojiambia."

Tulikwenda pamoja kwa Bwana Nyakundi. Nilikuwa na hofu, kwa sababu yule mzee alikuwa ameshachora jina la Chacha mlangoni mwa gari, na hasira zake zilijulikana. Chacha alisimama, akaeleza kwa maneno machache, akashukuru, akaomba radhi kwa rangi iliyopotea mlangoni. Kuna jambo sikulijua: Bwana Nyakundi mwenyewe alilelewa Kisabato, na Jumamosi zake zilikuwa zimehamia kwenye magari miaka mingi iliyopita.

Alimwambia, "Mimi nilipokuwa na umri wako hakuna aliyeniuliza. Nenda nyumbani, kijana. Sina neno."

Akatoka nje, akamwita mchoraji aje afute mlango. Hakunitazama siku nzima.

Hivyo ndivyo Lavenda alivyopata kiti. Na alijua ameachiwa. Watu wa Migori walimwambia waziwazi, wengine kwa utani, wengine bila utani. Rali yake ya kwanza alimaliza karibu na mwisho. Ya pili alilaza gari mtaroni, na mimi na Ojwang' tukatumia siku nzima kumtoa. Niligusa tairi zake: pembeni zote zimeng'oka. Alikuwa anaendesha kama yuko uwanjani, anaingia kila kona akidhani ataipata tena mzunguko ujao na kuirekebisha. Kwenye rali kona hairudi. Unaipata mara moja, inakwenda zake.

Nilimwambia hivyo. Nilitegemea anijibu kwa ule ulimi wake. Badala yake alikaa juu ya tairi la akiba, akalia kidogo, akapangusa uso kwa mkono wenye grisi, akawa na masharubu. Nikacheka, naye akajiona kwenye kioo cha gari akacheka.

Kisha akauliza Chacha anakaa wapi siku hizi.

Alikwenda mwenyewe mpaka kwao Ukuria. Chacha alikuwa shambani, ametundika jembe begani. Lavenda hakuzunguka. Alimwambia, "Kiti ni chako, hata mimi najua. Lakini niko ndani yake, na sitaki kukiharibu. Nifunze."

Chacha aliniambia baadaye kwamba alitaka kukataa. Kumwona tu kulimchoma. Alikuwa amejizoeza kutofikiri juu ya lile gari, na sasa gari lilikuwa limetembea kwa miguu likaja shambani kwao. Alimwambia Lavenda asubiri amalize mstari wa jembe. Akalima mstari ule polepole sana. Alipofika mwisho akatupa jembe, akasema twende.

Wakaanza kukutana siku za kazi. Wiki ya mashindano, madereva huruhusiwa kupita njia mapema kwa mwendo wa kawaida, na yule anayekaa kando ya dereva, tunayemwita navigeta, huandika kila kona ili amsomee mbioni. Siku hizo ni za katikati ya wiki, hazigusi Sabato. Basi Chacha alifuatana nao siku hizo, na mbali na hizo alimzungusha Lavenda kwenye barabara za Nyatike, za Suba, za Kuria, popote palipokuwa na udongo na kona. Hakumfundisha mbio. Alimfundisha kusoma njia. Mimi nilikaa kiti cha nyuma mara kadhaa, nikishika kichwa changu, na niliyoyasikia pale nilitamani Harjit angekuwa hai ayasikie. Chacha alijua kona itajikunja upande gani kwa kutazama nguzo za umeme. Alijua nyuma ya kilima kuna shule kwa kuona njia za miguu zilivyoungana. Kijana alikulia kwenye baiskeli, akibeba majani ya tumbaku kwenye barabara hizo. Na barabara alizipenda.

Rali niliyotaka kuwaambia ilikuja na mvua. Ilifika upande wetu huku, na Jumamosi ilikuwa na kipande kirefu cha udongo mweusi. Asubuhi Lavenda alikuwa wa sita. Sisi mafundi tulisimama mahali pa huduma na miavuli, tukisikiliza redio. Gari moja likatangazwa limekwama. Halafu la pili, na la tatu. Halafu lile lililokuwa linaongoza. Ojwang' alianza kuhesabu kwa sauti nikamwomba anyamaze, kwa sababu kila jina lililotajwa nilidhani ni la Lavenda.

Alitokea akiwa na taa moja tu ya mbele, gari limekuwa rangi moja na barabara. Nilikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Tope lilikuwa jingi, nikalifuta kwa kiganja, na chini yake tairi lilikuwa limeisha sawasawa. Navigeta wake, mwalimu wa hesabu kutoka Rongo, alikuwa bado ndani, akisema, "Aliacha njia, Mama. Barabara imenyooka, mimi nasoma nyooka, yeye ameacha njia."

Lavenda akavua kofia. Alinieleza kwamba mbele kulikuwa na dimbwi, pana, linaonekana la kawaida. Lakini nyayo za ng'ombe zilikuwa zimelizunguka, hakuna hata ng'ombe mmoja aliyepita katikati. Chacha alimwambia ng'ombe anajua kilicho chini ya maji. Akapanda kwenye nyasi, akazunguka kama ng'ombe. Waliokuwa mbele yake walikuwa mle ndani, magari mawili, maji mpaka mlangoni.

Jioni hiyo alikuwa wa pili. Watu walianza kumpigia Chacha simu tangu mchana, na simu yake ilikuwa imezimwa, kama kila Jumamosi. Nilingoja jua lizame ndipo nikapiga. Alipokea mara moja. Nilimsimulia habari za dimbwi, nikidhani ataniuliza nafasi. Akaniuliza kama Lavenda alilizunguka kushoto au kulia. Nikamwambia kushoto. Nikamsikia anashusha pumzi ndefu, akasema kulia kungekuwa na mawe.

Siku ya Jumapili alikuja mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Lavenda alimaliza wa pili vilevile, na hakuwahi kufikiwa tena na maneno ya kuachiwa kiti. Alimwita Chacha apande naye juu ya boneti. Chacha alikataa kwa haya, mpaka Bwana Nyakundi akamshika mkono, mzee yule mkali, akampandisha mwenyewe. Kisha akabaki amesimama pale chini, anawatazama, amesahau kofia yake mkononi mvua ikimnyeshea.

Sasa Lavenda mnamwona kwenye televisheni, anaendesha na wakubwa, ameshashinda na ameshapindua magari, yote mawili mara nyingi. Huyo ndiye aliyemaliza wa tano utotoni. Chacha, bingwa, ana uwanja wake wa mazoezi nje ya Migori. Anafundisha watoto bagi, na Jumapili kukiwa na mbio za siku moja za watu wazima anaingia, na mara nyingi anashinda. Amefika? Ninyi ndio mtakaoamua neno kufika lina maana gani. Alama za utotoni ziliniambia nani ana mbio. Hazikuniambia nani ataomba kufundishwa, wala nani ataacha, wala kwa nini. Mtoto akishinda, furahini naye. Akishindwa, tazameni anafanya nini Jumatatu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Chacha uwanjani kwake. Nimezeeka, naweza kuuliza mambo ambayo zamani nilinyamazia. Nikamuuliza kama bado inauma.

Hakujifanya. Aliniambia Jumamosi asubuhi, kwaya ikisimama na wimbo ukipanda, mara nyingine anashtuka kukuta mguu wake wa kulia umekanyaga sakafu ya kanisa mpaka mwisho, na mke wake anamfinya.

"Halafu naondoa mguu," alisema, "naendelea kuimba."

Watoto walikuwa wameshajipanga na bagi zao, injini zinanguruma, wanamsubiri. Akachukua bendera akaenda.